Habari ya Visu Vipya Visivyo na Makali



Mwezi huu nataka kusema nanyi juu ya neno moja katika kitabu cha Mhubiri, sura ya 10, mstari wa 10. Fungueni Biblia zenu mkalisome wenyewe. Mimi nitaeleza maana yake tu. Mhubiri amemtazama mtu afanyaye kazi kwa chuma kilicho butu. Mtu huyo hakukinoa, kwa hiyo yampasa kuzidisha nguvu. Apiga, apiga tena, jasho lamtoka, na gogo bado halijapasuka. Ndipo Mhubiri asema kwamba hekima ndiyo ifaayo kumfanikisha mtu. Angalieni, hamlaumu mhunzi aliyekifua chuma kile. Wala hasemi kwamba chuma kitupwe. Amtazama yeye aliyekishika mkononi.

Katika usharika mmoja walinunua visu dazeni moja kwa ajili ya karamu ya Kipaimara. Vilikuwa vimefungwa katika karatasi yenye mafuta, navyo viling'aa hata mtu aliweza kuona uso wake ndani yake. Akina mama walipoanza kukata nyama, visu viliteleza juu ya mishipa kama kijiko. Mama mmoja akasema, "Tumeibiwa fedha ya kanisa." Mwingine akataka virudishwe dukani siku ile ile. Wakavitia sandukuni tena, wakashika visu vyao vya zamani, ambavyo mipini yake imefungwa kwa waya na bapa zake zimelika hata kuwa nyembamba kama jani. Na hivyo vikakata. Palikuwa na mzee mmoja aliyefanya kazi ya bucha katika ujana wake. Akaomba kinoo na maji kidogo. Akaketi chini ya mti, akanoa kisu cha kwanza, akakijaribu juu ya ukucha wa kidole gumba, akakipeleka jikoni bila neno, kisha akashika cha pili. Ndizi zilikuwa hazijaiva vyunguni na visu vyote 12 vilikuwa vinakata. Yule mama alipomwuliza amevitendaje, alijibu, "Hivi si vibovu, mama. Ni vipya tu."

Neno hilo la mzee nataka tulifikiri pamoja, maana wengi wetu twadhani kwamba kitu kipya ni kitu kilichokamilika. Twalipa fedha, twafungua karatasi, twataka kikate. Lakini kiwanda hakikufikiri hivyo.

Iko miji ijulikanayo tangu karne nyingi kwa kazi ya visu, kama Solingen katika Ujerumani na Sheffield katika Uingereza. Huko kazi iligawanywa kwa mafundi mbalimbali: mmoja alifua, wa pili alitia ugumu, wa tatu alichonga kwa jiwe la kuzunguka, wa nne alifunga mpini. Chuma cha kisu si chuma kitupu; kina kaboni ndani yake, kwa kawaida hata sehemu 1 katika 100 haifiki, na bila kidogo hicho hakishiki makali. Hutiwa moto wa digrii 800 na zaidi hata kiwe chekundu, kisha huzimishwa ghafula katika mafuta au maji. Hapo huwa kigumu sana, lakini chaweza kuvunjika kama kigae. Kwa hiyo hupashwa tena polepole, karibu digrii 200, ili ugumu wake upate na uvumilivu. Baadaye huchongwa, husuguliwa hata king'ae, na hupigwa chapa jina la mji au la mtengenezaji. Jina la Solingen lalindwa kwa sheria ya nchi yao tangu mwaka 1938, mtu asilipige juu ya kisu kisichotengenezwa huko.

Basi kisu kimekwisha kupata yote: asili yake, ugumu wake, umbo lake na jina lake. Kimebakiwa na jambo moja, kunolewa kwa mara ya mwisho, na mara nyingi jambo hilo huachwa. Kwa nini? Sababu moja ni fedha, maana kunoa vema hutaka mkono wa fundi na muda, na mwenye kiwanda huhesabu dakika. Sababu ya pili ni safari. Makali membamba yakisafiri sandukuni kwa meli na kwa lori hugongana na kumeguka, tena huwakata wachukuzi. Lakini sababu iliyo kubwa kuliko hizo ni hii, kwamba mtengenezaji hajui kisu kitakwenda kufanya kazi gani. Anayekata nyama mbichi ataka makali membamba. Anayepasua mifupa au kuni ataka makali manene, yasimeguke. Nani atakinunua kisu hiki, mpishi au mchinjaji? Aliye mbali hawezi kujua. Hapo zamani mhunzi wa kijijini alimjua mtu aliyemfulia kisu, na shamba lake, na nguvu za mkono wake. Akamnolea mbele ya macho yake. Kiwanda hakimjui mtu. Kwa hiyo chamwachia mwenye kisu sehemu yake ya kazi.

Wakulima walijua jambo hili kabla yangu. Panga jipya hufika limepakwa rangi au mafuta lisishike kutu, na ukingo wake ni mnene hata mtoto aweza kulishika bila kujikata. Mkulima hanung'uniki. Hununua panga na tupa pamoja, naye hawezi kwenda shambani kabla ya kuketi nalo. Seremala naye ajua kwamba patasi mpya na chuma kipya cha randa havianzi kazi siku ile vitokapo dukani. Huko Austria, wale wakatao nyasi za ng'ombe kwa mundu mrefu wenye mpini wa mikono miwili, hununua mundu mpya, kisha wauponda ukingo wake kwa nyundo juu ya fuawe ndogo, hata uwe mwembamba, ndipo waunoa kwa jiwe. Hakuna asemaye ameibiwa. Ni sisi wa jikoni na wa kanisani tusiolijua.

Nasema wa kanisani, maana twapokea visu vipya kila mwaka. Twawapokea vijana wa Kipaimara waliovaa nguo nyeupe. Twawapokea watu wazima waliobatizwa Pasaka. Twampokea mwinjilisti kijana kutoka chuoni, na cheti chake mkononi. Twawaimbia siku moja, twawapa mikono, na baada ya miezi mitatu husikika neno moja mlangoni pa kanisa: Hawa wa siku hizi hawafai.

Nimesoma barua ya wazee wa mtaa mmoja juu ya mwinjilisti wao. Waliandika kwa heshima, lakini maneno yalikuwa mazito. Walisema anasoma mahubiri katika karatasi, hainui macho. Kwenye mazishi alisahau utaratibu, mzee mmoja akalazimika kumnong'oneza. Mume na mke waliogombana walimwendea, akawasomea mistari miwili ya Biblia akawaacha waende, na ugomvi ukazidi. Mwisho waliomba aondolewe, waletewe mwingine aliyekomaa. Kila neno katika barua ile lilikuwa kweli. Lakini mtaa ule ulikuwa umekwisha kuwarudisha wawili kabla yake. Mmoja wao leo anauza simu mjini, na Jumapili haonekani katika kanisa lo lote. Sasa niwaulize, ndugu zangu wazee: huyo wa nne atatoka wapi? Si katika chuo kile kile? Na akifika, mtamfunga katika karatasi na kumrudisha yeye pia?

Hapa yatupasa kuangalia sana tusikosee imani yetu. Pengine mtu atasema, "Basi mchungaji, Ubatizo haukutosha, mpaka sisi tumalize kazi." La, hasha. Kinoo hakifanyi chuma. Ukikaa siku nzima ukinoa kipande cha bati, utapata bati jembamba tu, na kesho litajikunja. Mungu ndiye aliyetia ndani ya mtu kile ambacho kunoa hakuwezi kukitia, naye alifanya hivyo kwa maji na Neno kabla mtoto hajajua kusema. Jina lililopigwa juu yake ni jina la kweli, nalo lalindwa mbinguni kuliko jina la mji wo wote. Kisu kisichonolewa ni kisu, si kijiko. Kwa sababu hiyo twaweza kunoa kwa matumaini. Mzee yule chini ya mti hakuwa akibahatisha. Alijua ni chuma gani kilichomo mkononi mwake.

Mwaka 1528 Martin Luther alitumwa pamoja na wengine kuzikagua sharika za Saksonia. Baba yake, Hans, alikuwa mtu wa migodi na matanuru ya shaba huko Mansfeld, kwa hiyo Luther alikulia karibu na moto na nyundo. Katika ukaguzi ule alikuta mambo yaliyomhuzunisha. Watu wa vijijini walikuwa wamebatizwa, walikwenda Mezani pa Bwana, na wengi hawakujua Baba Yetu, wala Imani, wala Amri Kumi. Na wachungaji wengi hawakuweza kufundisha. Huo ulikuwa ubutu mkubwa kuliko wa mwinjilisti wetu! Naye Luther alikasirika, twaiona hasira yake katika dibaji aliyoandika. Lakini hakuamuru watu wale wabatizwe mara ya pili. Aliketi akaandika Katekisimo Ndogo. Ilitoka mwaka 1529, na mwanzoni ilichapwa katika karatasi kubwa za kutundikwa ukutani, watu waitazame kila siku. Juu ya sehemu zake aliandika kwamba hivi ndivyo baba wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Hakumwachia mchungaji peke yake. Alitaka kila nyumba iwe na kinoo chake.

Na yeye mwenyewe je? Mwaka uliofuata, katika dibaji ya Katekisimo Kubwa, alieleza kwamba yeye ni daktari na mhubiri, hata hivyo afanya kama mtoto anayefundishwa: kila asubuhi husoma na kutamka Amri, Imani, Baba Yetu na zaburi. Nawaomba walimu mliyo na miaka 20 katika kazi muisome habari hiyo tena. Uko ubutu wa kisu kipya, na uko ubutu wa kisu kilichofanya kazi nyingi. Wa pili haufichiki kwa kung'aa, lakini hufichika kwa mazoea. Mkono umezoea kusukuma kwa nguvu, na mwenye mkono hajui tena kwamba anasukuma.

Sasa tuone kazi yenyewe jinsi ifanywavyo. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, twasoma habari za Apolo. Alikuwa mtu wa Aleksandria, msemaji hodari, mwenye kuyajua Maandiko sana, na roho yake ilikuwa na moto. Alifika Efeso akaanza kunena katika sinagogi kwa ujasiri. Chuma kizuri namna gani! Lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Pale sinagogini walikuwapo mume na mke, Akila na Prisila, waliokuwa mafundi wa mahema. Nadhani watu wa kazi ile walijua habari za visu. Hema halishonwi kabla halijakatwa. Wakamsikia Apolo, wakaona upungufu wake. Hawakusimama katikati ya ibada kumsahihisha. Hawakuandika barua Yerusalemu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Luka haandiki walikaa naye siku ngapi. Aandika tu yaliyofuata: alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu walimtia moyo na kumwandikia barua ya kumpokea, na huko aliwasaidia sana walioamini.

Tazameni ni nani waliomnoa. Hawakuwa mitume. Walikuwa watu wa mikono, na mmoja wao alikuwa mwanamke. Mara nyingi nasikia mzee wa kanisa akisema, "Mimi sikusoma, nitamfundisha nini huyu wa chuo?" Baba yangu, kinoo nacho hakikusoma. Hakina makali hata kidogo, na kisu chapata makali kwacho. Wewe umezika watu wengi. Mwonyeshe namna ya kusimama kaburini. Umepatanisha nyumba za watu. Nenda naye jioni, akae kimya akusikie. Mithali, sura ya 27, mstari wa 17, yatuambia kwamba kama chuma kinavyokinoa chuma, ndivyo mtu amfanyiavyo mwenzake.

Lakini kunoa kuna adabu yake, na mwenye kuinoa vibaya silaha yake huiharibu. Kwanza ni kuinamisha kisu sawasawa. Kisu cha jikoni chataka kulala juu ya kinoo kwa digrii 15 au 20 hivi, panga digrii 25 au zaidi. Ukikisimamisha mno, utapata makali upesi, lakini ni manene, hayapenyi. Ukikilaza mno, utasugua bapa bure, au utapata makali membamba yatakayojikunja kwenye mfupa wa kwanza. Na fundi akiisha kuchagua mwinamo hauachi, wala hausahau upande wa pili. Wako wazee wanaomwambia kijana leo hivi na kesho vile. Jumapili wamsifu kwa kuwa mgeni yupo, Jumatatu wamkaripia. Mkono huo unaoyumba hufanya ukingo kuwa wa mviringo, nao ndio ubutu wenyewe.

Tena kuna moto. Watu wenye haraka hupeleka kisu kwenye mashine izungukayo, cheche zikaruka, watazamaji wakafurahi. Lakini ukingo ni mwembamba, wapata moto upesi kuliko bapa. Ukifika digrii 300 hivi hugeuka rangi ukawa wa buluu, na ugumu ule uliotiwa kiwandani umeondoka mahali pale. Baadaye utakata siku mbili, kisha umekuwa butu tena, na mtu atasema chuma hakikuwa kizuri. Chuma kilikuwa kizuri. Aliyekinoa ndiye aliyekichoma. Ndugu, kijana anayekaripiwa mbele ya usharika wote huchomwa namna hiyo. Twaona cheche, twadhani kazi inafanyika. Mzee wa bucha alitumia maji. Alinoa polepole, na kila mara alikilowanisha kinoo chake.

Na bado kuna jambo dogo wasilolijua wengi. Kisu kikinolewa upande mmoja sawasawa, chuma chembamba kama uzi hujikunja kuelekea upande wa pili. Ukipitisha kidole utakisikia. Asiyejua hudhani hayo ndiyo makali, akaacha kazi pale. Na viwanda vingine huacha pale pale. Kisu hicho hukata karatasi dukani mbele ya mnunuzi, na jikoni kwashindikana. Uzi huo wapaswa kuondolewa kwa mikono miepesi, upande huu na upande huu, na mwisho juu ya kipande cha ngozi. Nimewaona vijana wenye ukali wa namna hii. Wamepata maarifa ya nusu, wanawakata wazazi wao na waumini wazee kwa maneno, na watu wadhani wamenolewa sana. Hao hawahitaji kunyang'anywa kazi. Wahitaji mtu aliye karibu nao, awe na mikono miepesi, aendelee nao kidogo.

Sikatai kwamba kazi hii ina gharama. Huko Sheffield, katika karne ya 19, wanoaji wengi walikufa wangali vijana, kwa sababu ya vumbi la mawe lililoingia vifuani mwao. Hata kinoo cha nyumbani, kitazame kilichotumika miaka mingi: kimelika katikati kama mtumbwi. Mzee anayewanoa wengine hulika. Jioni zake hulika, na heshima yake pia, maana yule kijana atakapohubiri vema sifa itakuwa ya kijana. Nafikiri hii ndiyo sababu ya siri inayofanya barua za kuomba mtu "aliyekomaa" ziwe nyingi. Wote twapenda nyama. Twajua kusema kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kukaa na kinoo ni watu wachache wapendao.

Lakini tusipokaa nacho, watakaa wengine. Someni 1 Samweli, sura ya 13, kuanzia mstari wa 19. Siku zile hapakuwa na mhunzi katika nchi yote ya Israeli, maana Wafilisti hawakutaka Waebrania wajifanyie panga wala mkuki. Basi kila mtu aliyetaka kunoa jembe lake au shoka lake ilimpasa kuwashukia Wafilisti. Na walilipa. Katika maandiko ya Kiebrania bei yake imeandikwa kwa neno moja, pimu, ambalo wafasiri wa zamani hawakulijua. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliandika "tupa" mahali pake. Katika karne ya 20 mawe ya kupimia yalichimbuliwa katika nchi ile, yameandikwa neno hilo hilo juu yake, na uzito wake karibu gramu 8, yaani theluthi mbili za shekeli. Fedha hiyo Mwisraeli alimpa adui yake kwa kunoa jembe! Na siku ya vita ilipofika, katika watu wote waliokuwa pamoja na Sauli na Yonathani hakuonekana panga wala mkuki, ila kwa hao wawili.

Vijana wetu nao wanashuka. Chuma hakikai bila kunolewa na mtu fulani. Wengine wananolewa usiku kucha na simu zilizo mkononi mwao, na wazazi wasijue na nani. Wengine wanakwenda kwa wahubiri wanaouza mafuta na maji katika chupa, nao wanalipa, tena zaidi ya pimu. Kisha twasema wameliacha kanisa la baba zao. Ni kweli wameliacha. Lakini je, tangu siku ya Kipaimara mpaka siku waliyoshuka, nani aliketi nao? Mafundisho yalikwisha, cheti kikatolewa, picha ikapigwa, kisu kikarudishwa sandukuni kikiwa kimefungwa katika karatasi yake yenye mafuta. Sandukuni hakipotezi mng'ao. Hakikati tu.

Na wewe kijana usomaye, au mwinjilisti mpya usomaye usiku baada ya siku mbaya, nina neno dogo kwako. Usione haya kwamba hukati bado. Ona haya kama hutaki jiwe. Kinoo husugua, na katika kusugua huondoa kitu. Hakuna makali yaliyopatikana kwa kuongeza. Ukipata mzee akuambiaye ukweli faraghani, kaa karibu naye hata kama maneno yake ni ya kukwaruza, ukamwite baba.

Wazee wa mtaa ule niliowataja walijibiwa kwamba mwinjilisti wao atakaa mwaka mmoja, na katika mwaka huo wazee wawili, pamoja na mke wa mmoja wao, watakwenda naye kila mahali aendapo: mazishini, kwa wagonjwa, kwenye nyumba zenye ugomvi. Kila Jumamosi atawasomea mahubiri yake jikoni kabla ya kuyahubiri. Mama yule alikubali kwanza, kabla ya wanaume. Mwaka huo haujaisha bado.

Mtume Paulo naye alimkataa kijana mmoja. Yohana Marko alikuwa amewaacha njiani, huko Pamfilia, akarudi Yerusalemu. Safari ya pili ilipokuja, Barnaba alitaka kumchukua tena. Paulo hakutaka, nao wakashindana hata wakatengana. Barnaba akamchukua Marko, wakapanda merikebu kwenda Kipro. Matendo ya Mitume hayasemi neno jingine juu ya Barnaba tangu siku hiyo, wala hatuambiwi alimtendea nini Marko huko kisiwani. Lakini katika sura ya mwisho ya waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo yuko kifungoni, amezeeka, na wakati wa baridi unakaribia. Anaagiza aletewe joho lake lililobaki Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Na kabla ya hivyo vyote amwagiza Timotheo amtwae Marko aje naye, kwa maana amfaa kwa utumishi.